Mafua ya Mheshimiwa

4 Februari

Mdogo wangu mpenzi,

Pokea salamu zangu kabla hujapokea lawama zangu. Mimi sijambo, cherehani haijambo, shemeji yako hajambo ila mgongo. Mama mpigie magoti kwa niaba yangu, umwambie shikamoo, na umwambie nimetii amri yake. Alisema kwa kuwa sisi wawili kwenye simu tunakatiana kama wake wenza, basi tuandikiane, maana barua mtu hawezi kuikata katikati. Anaweza kuichana, lakini lazima aisome kwanza ajue anachana nini.

Habari za huku ni kazi. Shule imebadilisha mashati, kutoka meupe kwenda ya bluu ya mikono mirefu, na mtaa mzima unamjua fundi mmoja tu anayejua kukalisha kola ya mtoto bila kumnyonga. Sitamtaja, asije akaonekana anajisifu. Mlango wangu haufungiki kwa wateja. Mke wa mwoka mikate, yule aliyesema nashona kama nafunga magunia, amekuja mwenyewe na watoto wake wote, nikampima kila mmoja polepole ili apate muda wa kuyakumbuka maneno yake.

Sasa Mheshimiwa. Unajua binti yangu jina hilo hakupewa bure, anakagua nyumba kama mgeni rasmi. Yuko darasa la tatu na mwandiko wake unasomeka kutoka ng'ambo ya barabara. Mwaka huu mwalimu mkuu ametangaza kikombe cha mahudhurio: mtoto atakayekuja shule kila siku, asikose hata moja, atakabidhiwa mbele ya wazazi wote, na mzazi wake atasimama. Nguo ya kusimamia nimeshaikata.

Tatizo ni kwamba leo ameamka pua inachuruzika. Si mafua, ni kivuli cha mafua. Chafya mbili tatu na kikohozi cha adabu. Wewe ni mwalimu, umesomea, na mimi sioni haya kuuliza. Nimpeleke shule au nisimpeleke? Nakuomba unijibu haraka, nisije nikafanya jambo bila ushauri.

Kwa sasa nimeshampeleka.

Dada yako anayekupenda

19 Februari

Dada yangu,

Shikamoo. Tunaendelea vizuri. Mama anakula, analala, na anamsahihisha mume wangu kila anapofungua mdomo, kwa hiyo mjue afya ipo. Nimemsomea barua yako akacheka pale ulipomtaja mke wa mwoka mikate mpaka ikabidi anywe maji.

Ushauri wako wa haraka uliniomba tarehe nne, na barua nimeipata jana. Mafua gani hukaa yakimngoja tarishi? Hata hivyo nakujibu, kwa sababu chafya ni kama mgeni, ikishaijua njia itarudi.

Ni hivi. Mtoto anayechuruzika pua lakini anacheza, anakula na kugombana kama kawaida, aende. Mpe kitambaa, mfundishe kukohoa kwenye kiwiko na kunawa mikono. Lakini akiwa na homa, au anatapika, au kifua kinabana, au amejikunyata tu hataki hata kugombana, huyo abaki nyumbani. Na homa ikishuka, ngoja siku nzima ipite bila dawa ndipo umrudishe.

Nasema bila dawa kwa makusudi. Mimi nafundisha darasa la kwanza, na huku tuna wazazi mafundi. Mmoja alimnywesha mtoto dawa ya homa alfajiri, akamleta amepoa kama maji ya mtungi. Kufika mapumziko mtoto anawaka, dawa imekwisha nguvu. Nikampigia mama mtu simu. Akashangaa sana, akaniuliza nimemfanya nini mwanawe.

Sikusemi wewe.

Sauti yangu imekauka kidogo siku hizi, lakini ni chaki tu. Msalimie shemeji na mgongo wake. Mheshimiwa mwambie mama mdogo anamsalimu.

Mdogo wako

16 Machi

Mdogo wangu mwalimu,

Barua yako imefika na tumeisoma kwa sauti, shemeji yako akasikiliza amevaa miwani, ingawa miwani haisaidii masikio. Sote wazima. Mama mwambie nguo yake ya zambarau iko njiani, aache kuivizia.

Mafua ya Mheshimiwa yalikwisha, yakaja mengine, hayo nayo yakakwisha, na hakukosa shule. Siku ya mafua ya pili nilimpima kama ulivyoagiza. Kipima joto hatuna, lakini Mungu alinipa mkono. Nikamshika paji la uso, baridi kama sahani. Nikampeleka na moyo mweupe. Baadaye walisema alilala kidogo kwenye dawati, mwalimu akamwita mara mbili ndipo akaamka. Mtoto anayesoma kwa bidii lazima achoke. Alipoulizwa akasema hajambo, na mtoto wangu hasemi uongo.

Sasa nikupe habari kubwa. Getini kwao kuna mwalimu wa zamu anayekagua pua. Pua ikimeta tu, rudi nyumbani. Kitambaa mkononi ndicho kinachomchongea mtoto, maana mwenye kitambaa ana kamasi. Basi nikakaa, nikafikiri, nikashona kitambaa kwa ndani, kwenye pindo la mkono wa shati. Mtoto anainua mkono kama anajikuna pua, amemaliza. Hakionekani. Kinafunguliwa kwa vishikizo viwili, kinafuliwa, kinarudishwa. Usiniambie hicho si kipaji.

Mama mmoja akakiona. Wiki haikuisha wakaja wengine, na sasa nusu ya darasa la tatu inajikuna pua. Nakwambia, mimi ningesoma kama wewe, sasa hivi ningekuwa nawafundisha watu kutengeneza ndege.

Mwalimu wa darasa ameanza kupiga chafya, maskini. Walimu hawajitunzi.

Sauti yako imepona? Nasubiri.

Dada yako

2 Juni

Dada yangu,

Shikamoo. Nisamehe kwa ukimya. Kulikuwa na mvua, kulikuwa na mitihani, kulikuwa na hili na lile. Mama amepokea nguo ya zambarau, ameivaa siku tatu mfululizo, mpaka majirani wakaanza kumuuliza kama kuna msiba au harusi.

Barua yako niliisoma nikacheka, kisha nikafika kwenye paji la uso nikasimama. Ulimshika kwa mkono gani? Dada, mkono wako unageuza makaa ya pasi kama mtu anachagua njegere. Ulipokuja huku ulitoa sufuria jikoni kwangu kwa viganja vitupu, ukanipa ukasema imepoa, na alama ninayo. Kwa mkono huo hata jiko ni baridi kama sahani. Mtoto aliyelala juu ya dawati asubuhi asubuhi hakuchoka kwa kusoma. Alikuwa na homa, na aliyempima ni pasi.

Mpime kwa shavu. Shavu lako halijawahi kunyoosha nguo.

Na kuhusu hicho kitambaa cha kujificha, naona umeisaidia shule kueneza mafua kwa siri na kwa usafi. Sikatai kwamba ni kipaji.

Lakini nakuuliza kwa wema, kama mdogo wako. Mtoto wa miaka minane akikosa shule siku moja, akalala, akapona, dunia inapungua nini? Kikombe hicho hasa ni cha nani?

Mdogo wako

Mimi mama yenu. Naandikiwa hapa chini na mkwe wangu, mwenye barua yuko bafuni. Mdogo wako hakuwa na mvua wala mitihani. Alilazwa kwa kifua. Alikuwa anakwenda kufundisha anakohoa, anasema hakuna wa kumshikia darasa, mpaka akaanguka mbele ya watoto. Sasa amepona. Usimwambie nimekwambia. Nguo ni nzuri ila mikono imenibana kidogo.

20 Juni

Mdogo wangu,

Salamu kwa wote na mama apewe zake peke yake. Mwambie nguo haikubana, yeye ndiye anayenawiri.

Ndege mmoja ameniambia habari zako za kifua. Simtaji. Kwa hiyo wewe, mwenye sheria zote, mwenye kiwiko na siku nzima bila dawa, uliingia darasani unakohoa mpaka ukaokotwa sakafuni. Na ulikuwa umeniandikia kwamba ni chaki. Nimecheka, halafu nimelia, halafu nimeshona shati la mtu mkono mmoja nje ndani. Usifanye tena. Nina mdogo mmoja tu, na mwingine siwezi kumshona.

Kuhusu mkono wangu umesema kweli, na nimeudhika. Siku hizi napima kwa shavu. Mheshimiwa anafikiri nimeanza kumpenda zaidi.

Hapa chini usimsomee mama.

Umeniuliza kikombe ni cha nani. Na wewe unauliza? Utotoni ulipokuwa unakohoa, mama akaenda kibaruani, nani alibaki na wewe? Kila ulipopiga chafya mimi nilivua sare. Pua yako ilinitoa darasani wiki baada ya wiki, na ulikuwa na pua hodari. Siku ya mwisho nilikwenda mwenyewe, nimewahi, nimekaa dawati la mbele. Mwalimu akaita majina. Lilipofika langu akaliruka, hakuinua hata uso, alishazoea. Nami nipo pale namtazama. Mapumziko yalipofika nikaondoka, na hakuna aliyekuja kuniuliza.

Sikulaumu. Mtoto hachagui kifua chake. Mama naye simlaumu, tungekula nini. Lakini jina la mtoto wangu halitarukwa na mtu, hata kwa mafua, hata kwa homa ya nani.

Basi. Hapa msomee tena.

Vifungo vya bluu vimeadimika mjini, nashonea vya kijivu na kuwaambia wateja ndiyo mtindo. Wamekubali.

Dada yako

8 Agosti

Dada,

Shikamoo. Huku wazima. Sikohoi.

Mama aliomba nimsomee barua yako. Nikamsomea salamu, nikamsomea kunawiri akafurahi, na ile ya ndege akajifanya hajui. Nilipofika pale uliposema nisisome, nikaruka, nikaendelea na vifungo. Akasema, "Umeruka mahali." Nikamwambia sijaruka. Akasema, "Haya. Vifungo vya bluu vimeadimika." Akageukia ukuta. Jioni alikataa chakula, akasema ni meno.

Habari ya mwalimu kuruka jina lako sikuwahi kuijua. Nyumbani tulijua tu kwamba uliacha shule mwenyewe, kwa ukaidi. Ndivyo tulivyokuwa tunaambiana.

Nimekuandikia majibu matatu nikayachana. Hili la nne halina jibu ndani yake, lakini nimeona heri lije. Siku hizi nikiita majina asubuhi nainua uso kwanza.

Mdogo wako

23 Oktoba

Mdogo wangu kipenzi,

Salamu kwako, kwa shemeji, na kwa mama. Mwambie mama meno hayaumi jioni moja tu, na namshonea nguo nyingine, mikono mipana kabisa, aweze kunikumbatia. Sisi wazima, isipokuwa kama nitakavyokueleza, na ukae vizuri.

Mpaka wiki iliyopita waliobaki kwenye mbio za kikombe walikuwa wawili tu shule nzima, Mheshimiwa wangu na mtoto wa mwoka mikate. Wengine wote mafua yaliwapitia kama fagio, na mwalimu wao pia. Mke wa mwoka mikate akawa ananisalimu kwa meno tu. Mimi nikawa nampungia mkono.

Juzi asubuhi nikamsikia Mheshimiwa nyuma ya pazia anaongea peke yake. Nikafikiri anafanya mazoezi ya hotuba ya kikombe, na nikasimama nimsikilize kwa kiburi changu chote. Amevaa, amechana nywele, amesimama mbele ya kioo. Anaminya pua, anavuta pumzi, anasema, "Shikamoo mwalimu. Mimi sijambo." Sauti ikitoka ya mafua, anafuta, anarudia. "Mimi sijambo." Mpaka ikatoka safi. Kisha akajitabasamia kama mtu aliyemaliza kupaka rangi ukuta.

Nikaingia. Nikamuuliza nani amemfundisha hayo. Akanitazama kama mimi ndiye mtoto. "Si wewe, mama? Ulisema mgonjwa ni yule anayesema anaumwa." Nikamuuliza na ile siku uliyolala kwenye dawati, ulikuwa unaumwa? Akasema kichwa kilikuwa kinapiga ngoma, lakini hakusema, kwa sababu ya kikombe.

Nikampima kwa shavu. Homa hana. Pua inachuruzika, kikohozi kidogo, chai amekunywa yote. Kwa sheria zako, mdogo wangu, alikuwa anastahili kwenda. Nazijua, nimezibandika ukutani juu ya cherehani. Hajawahi kuwa na mafua halali kama yale.

Nikamvua shati.

Alilia ambavyo sijawahi kumsikia mtoto analia, na nimewahi kulea wengi, wewe ukiwa wa kwanza. Akasema kikombe atachukua mtoto wa mwoka mikate. Nikasema achukue. Neno hilo limetoka kinywani mwangu mimi, nikaketi kitandani kwanza nipate nguvu. Nikamwambia atakwenda siku ambayo nimemuuliza hali, na yeye amenijibu kweli. Akasema basi koo linakwaruza kidogo na pua imeziba upande mmoja. Nikamuuliza upande upi. Akafikiri sana, akasema wa kushoto. Tangu azaliwe hajawahi kunieleza jambo vizuri hivyo, na nakuhakikishia, mtaa huu hakuna mtoto anayejua kuugua kama wangu.

Nikafunika cherehani. Wateja walibisha hodi nikasema fundi anauguza. Nikamlaza, nikamfunika, nikakaa pembeni. Akaniuliza, "Mama, mtu akiumwa huwa anafanya nini mchana kutwa?"

Mimi sikuwahi kuugua, sikuwa na nafasi. Nilikuwa nauguza. Nikamwambia ngoja nimuulize mama yako mdogo, yeye ndiye mtaalamu.

Kwa hiyo nakuuliza. Wewe uliyekuwa umelala pale na mimi nimekaa pembeni, nilikuwa nakufanyia nini kilichokupendeza? Mimi nakumbuka mlango tu, na watoto wengine wanapita na mabegi.

Leo amerudi shule.

Dada yako

5 Novemba

Dada yangu mpenzi,

Shikamoo. Mama anasema nguo ya mikono mipana ataivaa kuja nayo huko mwenyewe, na kwamba mengine mtaongea ana kwa ana, mimi nisiwepo. Shemeji amtafutie kitanda kisichobonyea.

Najua hii ikifika Mheshimiwa atakuwa amepona zamani. Itunze kwa mafua yajayo.

Ulikuwa unafungua shule. Mto ndio ulikuwa dawati, na wewe ulikuwa unasimama miguuni pangu na mwiko, kwa kuwa fimbo hatukuwa nayo. Saa hizo wenzako walikuwa darasani wanafundishwa, wewe hukujua wanafundishwa nini, basi ukawa unatunga. Ulinifundisha nchi ambazo hazipo na miji mikuu yake. Ulinifundisha kwamba jua likizama linakwenda kupigwa pasi, ndiyo maana asubuhi linarudi limenyooka. Nilipenda somo lile kiasi kwamba siku nyingine nilikohoa kwa makusudi. Nilikuwa mdogo, sikujua kikohozi kile analipia nani.

Hilo la jua nililiandika kwenye mtihani wa darasa la tatu. Mwalimu aliweka alama ya kosa ya wino mwekundu, ukurasa mzima. Mpaka leo watoto wangu wa darasa la kwanza wakiniuliza jua linakwenda wapi usiku, jibu linalonijia kwanza ni lako, na hunibidi nikohoe kidogo ndipo niwape la kitabuni.

Mdogo wako